Ngano Ilipomkataa Binti Yangu

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la wengine nitaonekana najitetea. Binti yangu wa kwanza nilimlisha kwa mkono wangu kitu kilichokuwa kinamuumiza, tena nikifanya ishara ya msalaba kila nilipomlisha, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Nilidhani ni dawa. Elimu yangu ni darasa la nne, shule ya masista, na daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika siku za mvua na siku za kupanda. Kama maneno hayakupangika, anayesoma avumilie. Ila asinionee huruma. Sikuandika kwa ajili hiyo.

Tulikaa karibu na misheni, upande wa Usumbwa, safari ya zaidi ya siku moja kwa miguu kutoka Ushirombo. Vita kuu ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma. Mume wangu alikuwa seremala huko Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka juu ya lori, amevaa kofia. Mimi nilifanya kazi jikoni kwa masista. Nilioka mkate wa ngano siku tatu kwa juma, na kila Alhamisi nilioka hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo.

Chuma cha hostia ni kama koleo refu lenye sahani mbili bapa mwishoni, na ndani ya sahani kumechongwa msalaba. Unamimina uji mwepesi wa ngano na maji, hakuna chumvi, hakuna kingine, unafunga, unashika juu ya makaa, unahesabu Baba Yetu moja, unageuza, unahesabu nyingine. Inatoka karatasi nyeupe. Ikipoa unaikata miduara, na kinachobaki ni kama wavu wenye matundu ya mviringo. Wavu ule haujabarikiwa, kwa hiyo kuula si dhambi, na jikoni kwetu ilikuwa desturi aliyeoka achukue mabaki kwa watoto wake. Watu walikuja kuniomba kipande kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya mama aliyejifungua vibaya. Sista wa jikoni alitukanya waziwazi. Alisema haya ni unga na maji, msiyafanye hirizi. Nasema haya ili asilaumiwe. Alisema, nami nilimsikia.

Binti yangu alipofika mwaka wa nne tumbo lilianza kumvimba. Miguu ikawa kama mabua ya mtama. Aliharisha, akalia, akakosa nguvu hata ya kucheza na wenzake. Dispensari walimpa dawa ya minyoo, na minyoo michache ilitoka kweli, lakini mtoto hakupona. Hapo nikafanya nilichofanya. Yale mabaki ya hostia niliyakausha, nikayatwanga, nikawa namtilia katika uji asubuhi na jioni. Nilijiambia kwamba kitu kilichokaribia altare hakiwezi kukosa neema kabisa. Na mkate wa misheni nilimpa pia, maana ndio uliokuwa chakula cha watu wenye afya, masista na mapadri, watu wenye mashavu mekundu.

Alipozidi kuumwa nikazidisha.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu, na mpaka leo inanigharimu kuandika hivyo. Hakuwa mbatizwa. Alikaa kijijini kwake upande wa Shinyanga, Kiswahili alikisema kwa shida na kwa dharau, na mimi aliniona msichana wa wazungu asiyejua kusaga. Nilipokuwa karibu kujifungua mtoto wa pili, mume wangu alimpeleka binti kwa bibi yake. Alikaa miezi minne. Huko hakukuwa na mkate. Kulikuwa na ugali wa mtama na wa muhogo, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, maziwa, mlenda, karanga. Mama mkwe alipomrudisha mwenyewe kwa miguu, mtoto alikuwa mbele yake anakimbia. Tumbo limenywea. Ana makalio.

Nilishukuru Mungu, nikampikia mgeni chai, na kwa furaha yangu nikamkatia binti kipande kinene cha mkate. Baada ya siku tano alikuwa amelala mkekani, anaharisha. Mama mkwe alikuwa bado hajaondoka. Alikaa mlangoni akinitazama ninavyotwanga yale mabaki.

Akasema, "Mkamwana, huyu mtoto hana ugonjwa. Ugonjwa unao wewe, uko jikoni kwako."

Nilimjibu vibaya. Sitayaandika niliyomjibu. Nilidhani anasema Mungu wangu anamla mtoto, na labda ndivyo alivyodhani kweli, sijui, hakueleza na mimi sikuuliza. Lakini neno la jikoni lilinikaa. Alipoondoka nilijaribu. Juma moja hakuna mkate wala mabaki, ugali tu. Mtoto akatulia. Nikampa mkate. Akaumwa. Nikamwondolea tena, akatulia. Mara ya tatu sikutaka kujaribu, maana nilishajua, na kila jaribio lilikuwa juu ya tumbo la mtu.

Nilimweleza sista wa dispensari. Alinisikiliza, akasema hajapata kuona jambo hilo, ila kama ngano inamkataa basi asile ngano, kwani lazima? Nilimpenda kwa jibu hilo. Mume wangu alipokuja na kofia yake hakulipenda. Alisema kule Mwadui hata wafagiaji wanakula mkate, sasa mtoto wa fundi ndiye wa kula michembe kama mchunga ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepanda kwa jasho lake kutoka ugali hadi mkate, na mimi nilikuwa namwambia ashuke.

Mimi mwenyewe sikutaka kushuka. Ugali unatosha, najua, nimekua nao. Lakini pale misheni Krismasi ni mkate, Pasaka ni mkate, ubatizo ni mkate, na mtoto anayekatazwa mkate katikati ya watu wa mkate anajifunza kujiona nusu mtu. Nikaapa ataula. Kama ngano haimtaki, basi mkate utaacha ngano.

Haikuwa rahisi kama kuapa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Nilikichimba ndani kikawa tanuri, na kilishika moto vizuri kuliko tanuri la masista la matofali. Tanuri sikulaumu kamwe. Lawama ilikuwa ya unga. Unga wa ngano ukiukanda unavutana, unashikana wenyewe kwa wenyewe. Unga wa mtama hauna ndugu. Mkate wa kwanza ulitoka kichuguuni ukiwa umepasuka vipande, na wa pili ulikuwa mgumu hata mbwa aliunusa akaenda zake. Mume wangu aliugonga juu ya meza, akasema huko kazini wamekosa mawe ya msingi, aubebe?

Nilichanganya muhogo na mtama. Ukawa bora, lakini bado unamomonyoka. Nikaukandia maji ya mlenda, nikijua mlenda unavuta. Ukavuta kweli, na ukanuka mlenda. Mwisho niligundua kwa uvivu. Uji wa muhogo ulikuwa umebaki sufuriani, mzito kama gundi, sikutaka kuumwaga, nikaukandia unga ule mkavu pamoja na mayai mawili na ndizi mbivu zilizosagika, zile walizoleta wachuuzi wa Uzinza. Nikatia togwa lililochachuka. Nikauacha mpaka ukapanda kidogo, si sana, kama mtu anayevuta pumzi. Nikaufunga kwa majani ya mgomba, nikausukuma ndani ya kichuguu. Ulipotoka ulikatika kwa kisu. Vipande vyembamba, rangi ya udongo, vitamu. Binti alikula vinne, akaomba cha tano, na kesho yake alikwenda kuchota maji na wenzake.

Ilinibidi pia ninunue chekeche jingine. Lile la zamani lilikuwa na vumbi la ngano kwenye nyuzi zake, na nililiosha mara mbili bila kufaulu. Wanawake wenzangu walisema nina madaha, machekeche mawili nyumba moja kama mke wa diwani. Niliwaacha waseme.

Miaka ikapita hivyo. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Binti alipofika mwaka wa nane aliandikishwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Alijua katekisimu yake kuliko wote, na sisemi hivi kwa kuwa ni wangu. Katekista mwenyewe alisema. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe katekista aliwafanyisha mazoezi kwa hostia zisizobarikiwa, ili wasije wakatafuna au kucheka. Aliwapa siku tatu mfululizo. Mimi sikuambiwa. Hostia nilizioka mimi, nikidhani zinakwenda sakristia, chumba cha vitu vya misa. Siku ya tatu binti alitapika kanisani, mbele ya wenzake wote, juu ya sakafu.

Katekista alikuja nyumbani jioni ile. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto saba, na aliongea akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Alisema amemfuta kwenye orodha. Alisema mtoto akiitapika hostia iliyobarikiwa, huo ni Mwili wa Bwana sakafuni, na yeye hawezi kulibeba jambo hilo moyoni. Labda mwakani. Labda akikua.

"Na akikua na ngano ikazidi kumkataa?" nikauliza.

"Basi mama, wengine Mungu huwapa njia nyingine."

"Njia ipi? Nitajie nimpeleke."

Aliniaga kwa heshima, akaenda. Hofu yake ilikuwa ya haki. Nimeifikiria mara nyingi na sioni pa kuipuuza. Lakini binti alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza, na alipotoka hakulia. Aliniuliza kama Yesu naye anamkataa, au ni ngano peke yake. Nilimwambia ni ngano peke yake. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nami sikuwa nao.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa peke yangu na chuma. Nilikuwa nimetoka nyumbani na unga wa mchele kwenye kitambaa, nimeusaga mwenyewe. Siwezi kusema ulifika pale kwa bahati. Nilikisugua chuma kwa majivu, nikachanganya mchele na maji, nikamimina, nikahesabu Baba Yetu zangu mbili. Zilitoka nyeupe, zina msalaba ule ule. Nilizikata miduara. Hostia ya mchele na hostia ya ngano hazikutofautiana ila kwa mlio wake zikivunjika.

Nilikaa nazo. Ningeweza kuziingiza sakristia. Ningemwambia katekista mtoto amepona, ampe nafasi, na Padri angeisomea maneno bila kujua, na binti angepokea pamoja na wenzake, na asingetapika. Nani angejua? Nilihesabu njia yote, hatua kwa hatua, jinsi ya kuiweka juu ya sahani ili imwangukie yeye. Msinidhanie mwema. Kilichonizuia si wema. Nilimwona mtoto wangu akitoka altareni akiwa amepewa kitu ambacho si kitu, anashukuru kwa moyo wake wote, na mimi peke yangu najua kwamba nimempa wali.

Nikachukua sahani ndogo, nikaweka moja ya mchele na moja ya ngano, nikavuka ua hadi kwa Padri bila kuvua aproni.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Nini tena, mama?"

Padri wetu alikuwa mzee wa Ulaya mwenye ndevu, mkali juu ya kuchelewa, asiye na upendeleo. Niliweka sahani juu ya vitabu vyake. Nikamwambia moja ni ya ngano na moja ni ya mchele, zote nimeoka mimi kwa chuma kile kile, achague ipi ni ipi. Alizigeuza, akaziinua kwenye mwanga. Alichagua, akakosea.

Nikasema, "Hii ningeweza kuiweka kati ya zile za Jumapili."

Uso ulimwiva. Aliuliza taratibu kama nimeshafanya hivyo. Nikasema hapana.

"Kwa nini hukufanya?"

"Maneno unayosoma ni ya kwako, Padri. Sikutaka kukuibia. Lakini mtoto ni wa kwangu."

Aliniambia nikae, sikukaa. Akanieleza kwamba Kanisa linataka ngano na ngano tu, kwamba jambo hilo yeye hawezi kulibadili, wala askofu. Alieleza vizuri, bila kunidharau. Nami nikasema lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka minne: kwamba kwetu hapa ngano haioti, inakuja kwa lori ndani ya gunia lenye maandishi, je, Bwana angezaliwa kwetu, usiku ule mezani angeshika mkate gani?

Padri alizirudisha hostia juu ya sahani. Kisha akasema, "Sijui angeshika nini. Najua alichoshika."

Jibu la neno hilo sina mpaka leo, na sitajifanya ninalo. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nilimkumbusha kwamba masista wake walitufundisha kwamba Kristu yumo mzima katika hostia nzima, na yumo mzima katika chembe yake. Nilimuuliza kama walitufundisha uongo.

"Hawakufundisha uongo."

"Basi mpe chembe."

"Chembe kiasi gani?"

"Kama punje ya uwele."

Aliichukua ile ya mchele, akaivunja, akaila, akatafuna kama mtu anayejaribu mboga. Akasema ina ladha ya mchele. Halafu akasema atampa chembe, atamwambia katekista mwenyewe amrudishe, na kwamba mimi chuma cha hostia sitakigusa tena kuanzia leo, wala Alhamisi yoyote. Mkate nioke, hostia hapana. Kwa haki angeweza kunifukuza jikoni kabisa. Nilisema nimesikia. Sikuomba msamaha, naye hakunidai.

Nyumbani nilimpa binti chembe za ile hostia ya ngano isiyobarikiwa iliyobaki sahanini, za ukubwa ule, moja kila siku kwa siku tatu, nikamchunga kama anayechunga sufuria ya maziwa. Hakutapika, tumbo halikuvimba. Kama ilimdhuru kwa siri mimi sikuona.

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Mume wangu alikuwa amekuja na kofia, akaivua. Mama mkwe alikuja pia, ingawa hakujua afanye nini na magoti yake, akakaa nyuma karibu na mlango. Watoto walipiga magoti mbele, wavulana huku, wasichana kule, na Padri akawa anapita. Nilijua habari za chembe zimeenea, maana kabla ya misa nilisikia mwanamke mmoja akisema huyu wa kwake anapewa makombo kama kuku.

Padri alipofika kwa binti yangu alisimama. Alichukua hostia akaanza kuivunja, pole pole, kwa vidole vyake vinene, na ilichukua muda. Watu walianza kunong'ona. Msichana aliyefuata aliinua shingo atazame. Na binti yangu akageuka nyuma. Aligeuza kichwa kabisa, jambo walilokatazwa, akitafuta uso wangu katikati ya vitambaa vya wanawake mia walioinama, asiuone.

Nikasimama.

Wote walikuwa wamepiga magoti, mimi nikasimama wima kama mlingoti, mikono chini, ili anione. Jirani yangu alinivuta kanga. Sikukaa. Labda nilisimama pia ili katekista anione, na yule wa kuku anione, sitakataa. Binti aliniona, akageuka mbele, akafungua mdomo. Padri aliweka kile kitu kidogo ambacho kutoka nilipokuwa nisingeweza kukiona. Akafunga mdomo. Padri akaendelea kwa yule mwingine. Ndipo nilipopiga magoti.

Baada ya misa kulikuwa na chai uani na mkate mweupe mrefu kwa ajili ya watoto. Mkate huo niliuoka mimi. Wa kwangu wa mtama niliuweka mezani hapo hapo, katikati, si pembeni. Mtoto mmoja alimuuliza binti mbona wake umeungua.

"Haukuungua," akasema. "Ndiyo rangi yake. Ukitaka nikugawie."

Mwenzake akataka, na mwingine. Mama mkwe alikula vipande viwili na kusema umekosa chumvi, naye alisema kweli.

Nilipokuwa nakata katekista alinijia. Hakuwa na hasira. Alisema amefurahi kwa ajili ya mtoto, na amefurahi kweli, nilimwona machoni. Lakini kusimama vile, mama, wakati wa Komunyo, mbele ya Sakramenti, ni dharau kubwa, na yafaa nikaungame.

Jumamosi nilikwenda. Nilimwambia Padri kwamba nilimjibu mama mkwe wangu maneno machafu, na kwamba nilimsikia sista akituonya juu ya mabaki nikapuuza, na mtoto akaumia kwa mkono wangu. Nilimwambia nilisaga mchele nikiwa na nia ya kudanganya. Kutoka upande wa pili wa wavu wa maungamo akauliza kama kuna jingine.

Nikasema hakuna.